Hadithi za angani zimebeba sauti ya Kenya, mwendelezo wake hausomeki kwa Kiswahili

OLDONYIRO, wadi iliyo upande wa magharibi wa Kaunti ya Isiolo, hutajwa magazetini kwa mambo machache tu: ukame, malisho, usalama na soko lake la mifugo. Ni nchi ya wafugaji, Wasamburu na Waturkana kwa wingi, na siku ya soko huingia wanunuzi wa makabila mengine kutafuta mbuzi, kondoo na ng'ombe. Lugha inayowawezesha watu hao kupatana bei ni Kiswahili. Ni vigumu kwa mgeni kudhani kwamba mahali kama hapa pana uhusiano wowote na riwaya zinazosimulia vita vya nyota na wasafiri wanaoruka kutoka sayari moja hadi nyingine.

Uhusiano huo upo, na ni wa karibu kuliko ule wa mkazi wa jijini. Mnamo 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya mifugo uliojulikana kwa kifupi kama KLIP, ambao hatimaye ulienea katika kaunti nane za maeneo kame, Isiolo ikiwa mojawapo. Bima hiyo haikumhitaji afisa aje kuhesabu mizoga. Setilaiti ndiyo iliyokuwa ikiikagua ardhi kutoka juu. Rangi ya kijani ya malisho ilipopungua chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji alistahili kulipwa ili anunue lishe na maji kabla mnyama hajaanguka. Mbinu hiyo ilibuniwa na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, pamoja na washirika wao, na ikajaribiwa kwanza Marsabit mwaka wa 2010.

Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na kaskazini yote ya Kenya ikajua thamani ya jicho hilo la angani na pia mipaka yake, kwani kuona kwamba nyasi zimekauka si sawa na kuziotesha. Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, ilirushwa kwa roketi kutoka California, na miongoni mwa kazi ilizotajiwa ni kukusanya habari za kilimo, mazingira na ukame.

Kwa hivyo mfugaji wa Isiolo aliyeandikishwa katika bima ile alikuwa akiishi ndani ya jambo ambalo mtunzi wa riwaya wa miaka ya 1950 angelihesabu kuwa ndoto: chombo kinachozunguka dunia kinaamua iwapo atapata fedha za kununulia majani makavu. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa anga ni nini. Wanalonyimwa ni hadithi zake katika lugha wanayoitumia, na hasa zile zinazojibu swali la kale la kila msikilizaji wa ngano: ikawaje baadaye?

Swali hilo limezaa biashara kubwa ughaibuni. Filamu tatu za kwanza za Star Wars, kazi ya Mmarekani George Lucas, zilitolewa 1977, 1980 na 1983. Ya tatu, Return of the Jedi, inamalizika kwa sherehe usiku, msituni, mbele ya moto. Mfalme dhalimu ameangamia, silaha yake kuu imelipuliwa, na wapiganaji wa upinzani wanacheza ngoma. Baada ya hapo ukafuata ukimya. Majarida ya katuni yaliyokuwa yakiendeleza visa hivyo yalikoma 1986, na wengi wakaamini kwamba hadithi imekwisha.

Mei 1991 ikatoka riwaya ya Timothy Zahn, Heir to the Empire, yaani Mrithi wa Himaya, ambayo iliupanda mlima wa mauzo hadi kileleni mwa orodha ya vitabu ya gazeti la New York Times. Zilifuata mbili zaidi, 1992 na 1993, kukamilisha masimulizi. Mafanikio hayo yalifungua mlango wa mamia ya vitabu vingine.

Kinachoifanya riwaya hiyo istahili kuzungumziwa hapa si idadi ya nakala zake, bali jambo alilolichagua mwandishi. Zahn hakuanzisha hadithi kwa vita vipya dhidi ya dhalimu mpya aliyeshuka kutoka kusikojulikana. Aliianzisha miaka mitano baada ya ushindi, wakati wakombozi wamekwisha kuwa serikali. Himaya imeshindwa lakini haijafa. Bado inashikilia pembe za nchi yake na ina meli za kivita. Upande wa pili, waliokuwa wakijificha mapangoni sasa wanakaa kwenye kumbi za jiji kuu, wanagombana juu ya madaraka, wanatiliana shaka, na hawana vyombo vya kutosha hata vya kusafirishia mizigo. Aliyekuwa jemadari wa mapambano anashtakiwa kwa hila na mwenzake anayetaka kiti chake.

Msomaji Mkenya hahitaji tafsiri ya hali hiyo. Desemba 27, 2002, muungano wa Narc uliiondoa Kanu mamlakani baada ya karibu miaka 40, na umati ukafurika Uhuru Park kumshuhudia Mwai Kibaki akiapishwa. Haikuchukua miezi mingi kabla ya washirika kuanza kuvutana juu ya mkataba wa maelewano waliotia sahihi kabla ya uchaguzi. Novemba 2005 kura ya maamuzi kuhusu katiba ikauvunja muungano huo hadharani. Filamu huishia kwenye umati ule uliofurika. Riwaya inayoziendeleza ndiyo inayothubutu kuuliza habari za mkataba.

Adui mkuu wa Zahn ni jemadari aitwaye Thrawn, kiumbe mwenye ngozi ya samawati na macho mekundu, aliyepanda cheo katika jeshi linalowadharau wasio binadamu. Mbinu yake ya vita ni ya ajabu. Kabla ya kulishambulia taifa lolote hukusanya sanaa zake, michoro na vinyago, akazitazama kwa saa nyingi hadi aelewe namna watu wale wanavyofikiri na wasichoweza kukiona. Afrika Mashariki imewahi kuwajua maafisa wa namna hiyo, waliojifunza lugha na mila za wenyeji kwa bidii ya kuvutia, na si kwa mapenzi. Pengine ndiyo sababu mhusika huyo, miongoni mwa maadui wote waliobuniwa vitabuni, ndiye aliyekataa kusahaulika.

Kusahaulika kulikuwa karibu. Oktoba 2012 kampuni ya Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa takriban dola bilioni 4.05. Aprili 2014 wenye mali wakatamka kwamba vitabu vyote vile vilivyoandikwa kwa zaidi ya miongo miwili havihesabiwi tena kuwa sehemu ya historia halali ya hadithi. Vingeitwa Legends, yaani visasili tu, na filamu mpya hazingefungwa navyo. Mwaka wa 2015 ikatoka The Force Awakens, ikiwa na mwendelezo mwingine kabisa. Watoto waliozaliwa vitabuni walifutwa. Ndoa ya shujaa Luke Skywalker, iliyosomwa na watu kwa miaka mingi, ikawa haikutokea.

Jambo hilo linafaa kutafakariwa polepole. Kampuni iliamua kwa tangazo moja kipi kilitukia na kipi hakikutukia katika nchi ambayo haipo. Kwa msikilizaji aliyelelewa na masimulizi ya mdomo hilo ni kituko. Lakini wenye mali wenyewe hawakuweza kulitimiza agizo lao. Jina la sayari ya mji mkuu, Coruscant, ambalo kila mtazamaji wa filamu za 1999 na kuendelea analijua, lilitoka katika riwaya ya Zahn. Naye Thrawn akarejeshwa kwenye skrini, kwanza katika vibonzo vya Rebels mnamo 2016, kisha kwa sura ya mwigizaji wa Denmark, Lars Mikkelsen, katika tamthilia ya Ahsoka ya 2023. Kitabu kilitupwa mlangoni kikarudia dirishani.

Si waandishi wote walioonja utamu wa kurudi huko. Alan Dean Foster ndiye aliyeandika, bila jina lake kuwekwa kwenye jalada, kitabu cha filamu ya kwanza ya Star Wars, na 1978 akatoa Splinter of the Mind's Eye, riwaya ya mwanzo kabisa kuendeleza hadithi hiyo. Novemba 2020 yeye na chama cha waandishi wa bunilizi za kisayansi cha Marekani walijitokeza kulalamika kwamba mirabaha yake ya vitabu hivyo ilikuwa haimfikii tangu umiliki ulipobadilika. Mzozo huo ulitatuliwa mwaka uliofuata. Waandishi wa Kenya waliowahi kungojea mirabaha wataielewa habari hiyo bila maelezo zaidi.

Sehemu ya Kenya katika hadithi hizi ni kubwa kuliko inavyokubaliwa, na imeanza zamani. Katika filamu ile ya 1983, chombo kinachoongoza shambulio la mwisho kina rubani msaidizi mwenye mashavu mapana aitwaye Nien Nunb. Kiumbe huyo hazungumzi Kiingereza. Ben Burtt, fundi wa sauti aliyekuwa na desturi ya kutafuta lugha zisizojulikana na watazamaji wa Marekani, alimrekodi Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo. Rotich alitumia Kikalenjin na Gikuyu. Mtazamaji wa Ohio alisikia lugha ya sayari ya mbali; mtazamaji wa Nyeri alisikia jirani yake akiropoka mambo yasiyohusiana na vita vilivyo mbele yake, naye akaangua kicheko pahali ambapo mwongozaji hakukusudia. Miaka 32 baadaye, katika The Force Awakens, Rotich aliitwa tena kuitoa sauti hiyo.

Kuna njia mbili za kulitazama tukio hilo. Ya kwanza ni ya fahari, na ina haki yake. Ya pili inauma kidogo: lugha mbili za Kenya zilichaguliwa kwa sababu tu hazikutarajiwa kueleweka. Zilitakiwa ziwe kelele nzuri. Walioketi katika ukumbi wa sinema wa Nairobi walikuwa miongoni mwa wachache ulimwenguni walioufahamu mzaha huo, na hawakuwa wamealikwa kuufahamu.

Katika filamu hiyo hiyo ya 2015 aliingia Lupita Nyong'o, aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka uliotangulia, akiigiza Maz Kanata, ajuza wa zaidi ya miaka 1,000 anayemiliki ngome na ukumbi wa vileo. Aliendelea na nafasi hiyo 2017 na 2019. Uso wake hauonekani, kwa maana mhusika ameundwa kwa kompyuta kutokana na miondoko yake. Kwa mara nyingine Kenya ilitoa sauti.

Hata hivyo kisa kinachomgusa msemaji wa Kiswahili zaidi ya vyote kiko katika mfululizo mwingine, Star Trek, uliooneshwa kwanza katika televisheni ya Marekani Septemba 8, 1966 na kuzaa filamu tangu 1979. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile anaitwa Uhura, na mwigizaji wake wa kwanza alikuwa Nichelle Nichols, aliyefariki 2022. Jina lilichongwa kutoka neno uhuru. Nichols alisimulia kwamba siku ya kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, kitabu cha 1962 kuhusu Kenya iliyokaribia kujitawala, kilichoandikwa na Mmarekani ambaye hakuwa mpenzi mkubwa wa mapambano ya Waafrika. Herufi ya mwisho ikageuzwa kuwa "a" ili jina lisikike la kike masikioni mwa Wazungu. Kiswahili hakina desturi hiyo, na mtu wa Lamu akilisikia jina hilo atadhani mwandishi amekosea kupiga chapa.

Kwa misimu mitatu ya televisheni mwanamke huyo hakupewa jina la kwanza. Lililokuja kumkaa halikutoka katika filamu wala televisheni bali kitabuni. Mnamo 1982 William Rotsler alitunga kitabu cha maisha ya wahusika wa filamu ya pili, akamwita Nyota. Safari hii Kiswahili kilikuwa sahihi, na maana ilikuwa timilifu kwa mtu anayeishi baina ya nyota. Jina likaingia katika riwaya zilizofuata na vinywani mwa mashabiki, likakaa huko miaka 27 likingojea kibali. Katika filamu ya 2009, J.J. Abrams aliufanya mzaha wa kudumu: kijana Kirk anahangaika filamu nzima kulijua jina la kwanza la Uhura, hadi anapomsikia mwenziwe Spock akilitaja jina hilo. Tangu 2022 tamthilia ya Strange New Worlds imemwonesha waziwazi kuwa Mkenya anayezungumza Kiswahili.

Mwenzake katika usukani, Sulu, ana kisa kama hicho. Jina lake la kwanza, Hikaru, lilibuniwa na Vonda McIntyre katika riwaya ya 1981 na likakubaliwa na filamu miaka kumi baadaye. Wajapani walipata jina lao, Waswahili lao, na njia zote mbili zilipita kwenye kurasa za mwendelezo ambao wenye filamu hawakuuona kuwa wa maana sana.

Ajabu ni kwamba neno hilo hilo la uhuru lilikwenda angani kwa kweli, kutoka pwani ya Kenya. Desemba 12, 1970, sikukuu ya saba ya uhuru wa nchi, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru. Uhura wa kubuniwa alikuwa amemtangulia kwa miaka minne.

Pamoja na hayo yote, anayetaka kusoma kilichompata Uhura, Luke au Thrawn baada ya filamu kwisha lazima ajue Kiingereza, na si kile cha sokoni. Nyota ni neno la Kiswahili katika kitabu kisichosomeka kwa Kiswahili. Huenda kuna watakaosema kwamba hilo si hasara. Kwamba mwana wa mfugaji ana mambo mengi ya kusoma kabla ya hekaya za Wamarekani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Kiswahili chenyewe kingekuwa kimemwekea riwaya nyingi za anga rafuni.

Kimemwekea chache, na mojawapo ni nzuri sana. Walenisi ya Katama Mkangi ilichapishwa 1995. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kufungiwa ndani ya chombo cha angani. Badala ya kuangamia anajifunza kukiendesha, akatua katika nchi yenye haki na usawa ambayo jina lake, likisomwa polepole, linamrudishia msomaji yeye mwenyewe: wale ni sisi. Mkangi hakuwa akibuni kwa raha. Mwanasosholojia huyo kutoka pwani aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka katika miaka ya 1980, akagombea urais 1997, akafariki katika ajali ya barabarani 2004. Chombo chake cha angani ni gereza kwanza, na usafiri baadaye. Hakuna riwaya ya Zahn yenye wazo kali kama hilo.

Katika filamu, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka wa 2009, kazi fupi isiyofika nusu saa, kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Watu wanaishi chini ya paa, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na mwanamke mmoja anatoroka kwenda jangwani kuotesha mche. Jina ni la Kiswahili, mazungumzo ni Kiingereza. Mtoto wa Oldonyiro aliyeshuhudia ng'ombe wa nyumbani wakiisha 2022 ndiye mtazamaji wa haki wa filamu hiyo, na riwaya inayoendeleza kisa chake, mti ule ukishakua, ndiyo angeisoma hadi jalada lilegee.

Kwa nini haziandikwi? Sababu ya kwanza ni soko. Kitabu cha hadithi nchini Kenya huishi kwa kuteuliwa kutahiniwa. Kisipoteuliwa hufia ghalani. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, hatua iliyomfaidi mwanafunzi wa mashambani lakini iliyoyapunguzia maduka ya vitabu ya miji midogo biashara iliyokuwa ikiyaweka hai. Kodi ya ongezeko la thamani ilitozwa vitabu kuanzia 2013, asilimia 16. Baba anayepima bei ya riwaya dhidi ya bei ya unga hawezi kulaumiwa. Shirika la maktaba la taifa lilijaribu njia yake lilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa mwaka wa 1996, na sifa za ngamia hao zilienea ulimwenguni kote. Lakini ngamia hubeba kile kilichochapishwa.

Sababu ya pili ni dharau. Kwa miaka mingi bunilizi ya anga imehesabiwa na walimu wa fasihi kuwa mchezo wa watoto, isiyo na uzito wa riwaya ya ndoa, ufisadi au mgongano wa mila. Wenye macho wataona kwamba mgongano wa mila ndio kiini cha hadithi hizo, na Thrawn na vinyago vyake ni shahidi.

Wakati huo huo umma haujangoja wasomi. Katika vibanda vya video vya miji na vituo vya biashara, filamu za kigeni zimekuwa zikisimuliwa upya kwa Kiswahili na wasimulizi wenye majina yao, kama DJ Afro nchini Kenya na, kabla yake, Lufufu nchini Tanzania. Hawatafsiri tu. Humpa adui jina la mtaani, humpeleka shujaa Gikomba au Kariakoo, huongeza sababu ya ugomvi ambayo mwandishi wa Hollywood hakuifikiria. Huo nao ni mwendelezo, ila haujaandikwa.

Wala si jambo geni. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa. Pwani ya Afrika Mashariki ilimchukua, ikamwita Abunuwasi, ikamtungia visa chungu nzima vya ujanja ambavyo mwenyewe hangevitambua. Hakuna ofisi iliyotoa tangazo kusema kipi ni halali na kipi ni kisasili tu. Kisa kibaya kilikufa kwa kukosa wasimulizi, na kizuri kikaishi. Ndivyo zilivyoishi pia ngano za wafugaji wa kaskazini, ambazo kila bibi huzimalizia apendavyo.

Sheria ya sasa haitambui uhuru huo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamwachia mwenye kazi peke yake haki ya kuitafsiri na kuigeuza. Mwalimu wa Oldonyiro akiandika kwa Kiswahili kilichompata Nien Nunb baada ya vita, anaweza kuwasomea wanafunzi wake akafurahi nao, lakini akitaka kuuza atahitaji kibali kutoka California. Njia aliyoitumia Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ni ya busara zaidi. Alimpenda Sherlock Holmes wa Waingereza, na badala ya kumwendeleza akamuumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, aliyeanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa 1960 na kuendelea kwa riwaya kadhaa. Mali ikawa yake na ya Kiswahili.

Lipo pia suala la muda, ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Sheria hiyo ya Kenya inazilinda filamu kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipotolewa, ilhali Marekani huzilinda za kampuni kwa miaka 95. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa filamu ya kwanza ya Star Wars, ya 1977, unafika ukingoni nchini Kenya Desemba 31, 2027, na Marekani mwishoni mwa 2072. Tahadhari ni lazima. Mswada wa filamu ni kazi ya fasihi, na kazi ya fasihi hulindwa Kenya hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Lucas, aliyezaliwa 1944, angali hai. Majina na sura za wahusika ni alama za biashara pia, na hizo zina sheria yake. Kitakachofunguka 2027 ni mlango mwembamba.

Mtoto aliyezaliwa Isiolo mwaka wa 2015, mwaka ambao bima ya setilaiti ilianzishwa na sauti ya Rotich ikarudi kwenye skrini, atakuwa na umri wa miaka 12 siku hiyo. Atakuwa amekwisha kusoma Kiswahili darasani kwa miaka kadhaa, na ardhi ya kwao itakuwa ingali ikitazamwa na kupimwa rangi kutoka juu. Akitaka kuandika juu ya chombo kinachopita angani usiku, juu ya anayekiendesha na anachokitafuta katika nyasi za Oldonyiro, hiyo haina mmiliki bado.